"Ongeza Bidii" Si Ripoti

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tuambiane ukweli kabla hatujapanda mabasi kwenda fildi. Wengi wetu tumesoma shule ambazo ripoti ya mwisho wa muhula ilikuwa na maneno yale yale: "Ongeza bidii." "Anaweza." "Asibweteke." Aliyeshika nafasi ya 3 aliambiwa aongeze bidii, na wa 63 naye aongeze bidii. Mzazi alisoma, akaweka saini, karatasi ikarudi shule. Bidii yenyewe iongezwe wapi, hakuna aliyejua.

Watu husema huo ni uvivu wa walimu. Mimi sikubali. Mwaka jana nikiwa fildi nilikaa ofisi ya walimu wiki ya kufunga shule, na shida niliyoiona pale ni ya hesabu. Chukua darasa la wanafunzi 70. Mwalimu wa darasa akitumia dakika tano kwa kila ripoti, hizo ni dakika 350, karibu saa sita bila kunyanyuka hata kunywa chai. Na dakika tano zenyewe hazisaidii kama mbele yako huna kitu zaidi ya alama za mtihani. Unashika kalamu, unajaribu kukumbuka sura ya mtoto, haiji. Unaandika "ongeza bidii", unahamia kwa mwingine. Ungefanyaje?

Hoja yangu ni kwamba ripoti inatakiwa ianze kuandikwa wiki ya kwanza ya muhula, kidogo kidogo, ili wiki ya mwisho kazi iwe kusoma ulichokwisha kukusanya na kukinakili.

Tuseme una wanafunzi wawili. Mmoja kwenye majaribio manne ya Hisabati amepata 58, 55, 41 na 38. Mwenzake amepata 36, 45, 52 na 59. Piga wastani: wote wana 48, wote wana C, na kwenye ripoti ya kawaida wote wataambiwa kitu kimoja. Lakini jamani, hawa si watoto wa aina moja! Mmoja anazama, mwingine ndiyo kwanza anaibuka. Sasa rudi kwenye rejista ya mahudhurio. Ukikuta yule anayezama amekosa siku tisa, na saba kati ya hizo ni Jumatatu, siku ya gulio, basi ripoti imeshajiandika: "Alianza na 58, amemaliza na 38. Amekosa siku 9, nyingi ni Jumatatu. Naomba mzazi afike tuzungumze." Hayo yanaandikwa kwa dakika moja. Mzazi akiyasoma anajua aanzie wapi, na pengine anajua kabisa ni nani anayemtuma mtoto gulioni.

Vyanzo vyote viwili shule inavyo tayari. Rejista inaitwa kila asubuhi, na majaribio yanasahihishwa. Kinachokosekana ni mahali pamoja pa kuviona kwa mpigo. Kaunta buku ya kwaya tatu inatosha: kila mwanafunzi ukurasa wake, alama zake kwa mfuatano wa tarehe, siku alizokosa, na nafasi ya kuandika neno. Mwenye kompyuta atumie Excel, ni sawa, ila awe macho na mambo mawili.

La kwanza ni sifuri. Mtoto amepata 70, 68 na 72, na jaribio moja hakuwepo kwa sababu alikuwa anaumwa. Ukimwekea 0, wastani wake unakuwa 52.5, umemshusha kutoka B hadi C kwa kosa la kuugua malaria. Ukiandika "hakuwepo" kwenye kisanduku hicho, fomula ya wastani inakiruka na unapata 70, halafu wewe mwenyewe unabaki na kumbukumbu kwamba hakuwepo. Kitu kidogo hivi kinaharibu ripoti nyingi.

La pili ni ule ujanja tunaofundishana mabwenini, wa kuweka fomula ya IF ili kompyuta yenyewe iandike maoni: kuanzia 75 "Vizuri sana", kuanzia 45 "Wastani", chini ya 30 "Hafifu". Siku hizi wapo hata wanaoiachia akili mnemba itunge sentensi nzima. Kazi inaisha kwa dakika kumi, sikatai. Lakini maoni hayo hayana jambo jipya hata moja, ni ile ile namba imerudiwa kwa maneno. Mtoto wa kwanza na wa pili hapo juu, fomula itawapa neno moja. Tumekwepa kuandika "ongeza bidii" kwa mkono, tumeiamuru mashine ituandikie.

Najua mtu atasema: mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki atapata wapi muda wa kuandika habari za watoto 70 kila siku? Hapati, na hahitaji. Chagua majina matano kwa siku, kwa kufuata orodha. Siku hiyo watazame hao watano tu, na mwisho wa kipindi andika mstari mmoja kwa kila mmoja: "Anajua kutoa sehemu, anakwama vipeo." "Amekaa nyuma, haoni ubao vizuri." "Amemsaidia mwenzake bila kuambiwa." Baada ya siku 14 umemaliza darasa zima, unaanza upya. Muhula wenye siku 84 za masomo unakupa mistari sita kwa kila mtoto. Hata wale wapole wanaokaa dirishani, ambao huwa tunamaliza muhula hatujajua sauti zao, watakuwa na mistari sita. Hao ndio hasa ninaowatetea hapa, maana mtundu na kipanga hawasahauliki na mwalimu yeyote.

Sisi wenyewe hapa chuoni tunalalamika koswaki inapotoka namba tupu, 19 kati ya 40, hujui ni tesiti iliyokuangusha au ni ile prizentesheni ya kundi ambayo watu wawili walifanya kwa niaba ya kumi. Halafu tunaenda fildi kuwafanyia watoto vile vile.

Msimamizi akija kututembelea anakagua azimio la kazi, andalio la somo na zana. Sijawahi kumsikia anayenyoosha kidole kwa mtoto mmoja na kuuliza: "Huyu anaendeleaje? Nionyeshe." Ningependa kitivo kiongeze swali hilo kwenye fomu ya usimamizi, lenye maksi zake, maana sisi tunajulikana: kisicho na maksi hakifanywi. Na wawakilishi wetu wa serikali ya wanafunzi walipeleke kwenye kikao cha kitivo kabla ya barua za fildi kutoka.

Jambo jingine, msije mkasema sikuwaambia. Daftari hilo lina habari za watoto wa watu: nani anaumwa, nani haletwi shule, nani anazama. Si la kupiga picha na kurusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kama yanavyorushwa matokeo ya darasa zima, jina kwa jina, hadi wa mwisho. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa za mtoto imezipa uzito wa pekee. Ripoti ya mtoto anaonyeshwa mzazi wake, daftari linafungiwa kabatini.

Kaunta buku zinauzwa pale dukani getini. Nunueni kabla bumu halijaisha.