Mrudishie Adui Yako Ng'ombe Wake

Nataka kusema neno juu ya amri moja ambayo sisi Wakristo wa Babati twaikiri kwa midomo, walakini kwa matendo twaikataa. Nayo ni amri ya kumsaidia adui.

Wengi hudhani ya kuwa kumpenda adui ni jambo la moyoni tu. Mtu akiisha kusema, "Simchukii," hujiona amekwisha kuitimiza sheria. Sivyo. Hata kabla ya Bwana wetu kuhubiri mlimani, torati ya Musa, katika Kutoka sura ya 23, ilikwisha kuamuru ya kwamba mtu akimkuta ng'ombe wa adui yake amepotea, hana budi kumrudisha kwa mwenyewe. Na akimwona punda wa mtu amchukiaye amelala chini ya mzigo, hana ruhusa ya kumpita. Angalieni: hapo hatuulizwi kwanza kama twampenda. Twaagizwa kushika kamba ya ng'ombe. Neno hili latufaa sana sisi watu wa mifugo.

Je! adui yetu ni nani? Hapa kwetu Wagorowa, Wairaqw, Warangi na watu wa makabila mengine hukutana sokoni na Wabarbaig. Hao ni tawi la Wadatooga, lakini watu wengi huwaita Wamang'ati. Neno hilo asili yake ni Kimasai, na maana yake ni maadui. Wamasai waliwaita hivyo kwa ajili ya vita vyao vya zamani. Vita vile vimekwisha, jina limebaki. Basi tazameni tulivyofanya. Bwana ametuagiza tumpende adui; nasi tumemwita jirani Adui, kisha twamnyima upendo kwa sababu ya jina hilo!

Wengine watanijibu, "Mwalimu, hao huiba ng'ombe, tena huingiza mifugo mashambani mwetu." Sikatai ya kuwa wako wezi, kila kabila lina wezi wake. Lakini mwizi ana mahakama, na shamba lililoliwa lina baraza la kijiji. Mashtaka hayaondoi huruma, wala huruma haiondoi mashtaka. Waweza kumshtaki mtu asubuhi, na jioni ukampa mtoto wake maji.

Tena, tukifungua daftari la madeni, na tulisome lote. Tangu miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Kanada, yalitwaa kama ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig katika nyanda za Basotu, wilaya ya Hanang. Ngano ile ilisagwa ikawa mikate ya watu wa mijini, na huenda sisi nasi tuliila. Kwa hiyo yule tumwitaye adui aweza kuwa na sababu ya kutuita sisi hivyo.

Wako pia wasemao, "Tuwasaidie kwanza watu wetu." Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang, yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Tope lile halikuuliza kabila wala dhehebu. Misaada ilitoka pande nyingi za nchi, nasi twashukuru. Lakini je! ni lazima mlima uporomoke ndipo tumwone jirani kuwa mtu? Huruma ya siku ya msiba ni nyepesi, maana watu wote wanalia. Huruma hupimwa katika siku za kawaida: wakati wa kiangazi, mfugaji asiye wa kwetu ajapo kuomba maji kisimani, au siku ya soko, mama asiyejua Kiswahili vizuri apunjwapo kwenye mizani, nasi twacheka.

Wala msiseme ya kuwa wema humpa adui nguvu. Someni Wafalme wa Pili, sura ya 6. Washami walipotiwa mikononi mwa mfalme wa Israeli, yeye alitaka kuwaua. Elisha akamkataza, akaagiza wapewe chakula na maji, kisha waende zao. Wakala, wakanywa, wakarudi kwao. Na vikosi vyao vya kuteka nyara vikakoma kuingia katika nchi. Karamu moja ilifanya kazi iliyowashinda watu wenye silaha.

Basi, ndugu zangu, tuanze na mambo madogo. Jina la adui litoke vinywani mwetu, na watoto wetu wasilisikie nyumbani. Ng'ombe aliyepotea arudishwe kwa mwenyewe pasipo kudai malipo. Sadaka ya wahitaji kanisani isiulize kwanza ukoo wa mtu. Na asiyetaka kumpa adui yake maji ajihadhari asaliposali sala ya Bwana. Maana hapo aomba asamehewe kama yeye asamehevyo, na kwa ombi lile lile ajihukumu mwenyewe.