Nusu nyumba giza, nusu mwanga

Sebuleni taa inawaka, jikoni giza. Watoto wanafurahi kwa sababu televisheni ipo. Mama anaifikiria nyama iliyo kwenye friji. Baba anatoka kutazama kwa jirani: umeme upo. Familia nyingi za Mtumba hapo huamua kusubiri, zikidhani ni mgawo.

Mgawo hauko hivyo. Ule wa mwaka 2023 ulitokana na upungufu wa umeme kwenye gridi, ukapata nafuu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Nusu umeme ni hitilafu iliyo karibu: mtaani, kwenye nguzo au ndani ya nyumba yenyewe.

Nyumba yenye umeme wa njia tatu ikipoteza njia moja, baadhi ya vyumba huzimika na vingine huendelea. Nyumba ya njia moja, kama nyingi zilivyo, ikiwa giza upande mmoja tu, lianze kutazamwa boksi la swichi: huenda moja imeshuka. Ikirudishwa ikashuka tena, iachwe hapo hapo, aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Giza si la kuogopwa sana. Cha kuogopwa ni kile kinachoendelea kuwaka. Taa zikififia, friji hupata umeme mdogo, mota yake hushindwa kuzunguka, hupata moto na kuungua. Chomoa friji na pampu ya maji kwanza, simu baadaye. Friji isipofunguliwa hutunza baridi kwa saa nne hivi, kwa hiyo nyama ina muda. Na ikiwa taa moja inafifia huku nyingine inawaka kupita kiasi, huenda nyutro imekatika. Umeme wa volti 230 unaweza kupanda kuelekea 400. Zima swichi kuu bila kujadiliana.

Halafu kuna ekstensheni. Waya mwembamba unavutwa kutoka sebuleni hadi jikoni, unapitishwa chini ya zulia, unabebeshwa friji, birika na pasi. Mtoto analala juu ya zulia hilo.

Kishoka naye hakosi kutokea, akiahidi kupanda nguzo na "kuhamisha waya" kwa bei ya maelewano. Akianguka au akiunganisha vibaya, nyumba ni yako. TANESCO hupokea taarifa bure kwa namba 180. Wanapopigiwa, waambiwe wazi kwamba umeme upo nusu, taa gani zinawaka na zipi zimefifia.