Bia ya mtama isipandishiwe ushuru

Na Mwikali Mutinda

Asubuhi moja ya Mei 2014, huku kwetu Makueni, jirani yetu aliamka akamwuliza mkewe mbona hajawasha taa. Jua lilikuwa limeshapanda. Mkewe akafungua dirisha, akafungua na mlango, mwanga ukajaa nyumba nzima, na mume bado anaulizia taa.

Siku zile pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 60 katika Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a. Wengine walinusurika wakapoteza macho. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho.

Hayo hunirudia kila msimu wa Muswada wa Fedha, zinapoanza sauti za kutaka pombe ipandishwe ushuru, na bia ya kegi, ambayo ndiyo bia ya mtama, isisazwe. Bia hiyo ilipoanza kuuzwa mwaka 2004, nia ilikuwa kumtoa mnywaji maskini kwenye chang'aa, ndiyo maana Serikali ikaisamehe ushuru. Mwaka 2013 ikageuka, ikaitoza nusu ya ushuru wa kawaida. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaporomoka zaidi ya nusu. Je, watu waliacha kunywa? Kituoni petu baa ya kegi ilifungwa, na kijia cha kushuka bondeni kwa mama pima, muuza chang'aa, kikapanuka kwa kukanyagwa.

Sisemi ushuru ndio uliomimina methanoli. Aliyeimimina ni muuaji, na walioiacha sumu ile ipite barabarani walistahili jela. Lakini mtu mwenye shilingi hamsini mfukoni jioni, bei ndiyo inayomchagulia mlango wa kuingia.

Tena kuna shamba. Mvua za Oktoba zikikatika mapema, pita Kathonzweni au Mwingi uone: mahindi yamekauka kabla ya kubeba, na kando yake mtama wa gadam umesimama, mfupi, umekomaa kwa miezi mitatu tu. Miaka mingi tulihimizwa kuupanda tukasita, kwa sababu haukuwa na mnunuzi. Ulikuwa wa uji na wa kuku. Bia ndiyo iliyoupatia soko. Mama yangu alikuwa akitoka gizani kwenda kuamia ndege, debe mkono huu na fimbo mkono huu, kwelea wakishuka kama wingu, na harudi mpaka jua lizame. Kazi hiyo ni ya majuma mfululizo, na hakuna anayeivumilia asipokuwa na hakika kwamba magunia yatanunuliwa. Mauzo ya kegi yalipoporomoka, mavuno ya mwanzoni mwa 2014 hayakununuliwa. Magunia yake yalikaa sebuleni hadi yakaingia fukusi, na karo ya muhula ule ikalipwa kwa mbuzi wawili wa maziwa. Mwaka 2015 Serikali yenyewe ilirudi nyuma ikairejeshea bia hiyo nafuu ya ushuru. Mbuzi hawakurudi.

Wanaotaka ushuru upande wengi ni mama wenzangu na wachungaji wetu, na uchungu wao ni wa kweli. Mjini Wote nimewaona vijana wamelala mtaroni saa nne asubuhi. Mmoja nilimfunika kwa leso yangu. Lakini niliowaona mimi hawakulazwa pale na bia ya mtama. Kando yao palikuwa na vichupa vidogo vya pombe kali, vya kutia mfukoni, au harufu ya chang'aa.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti mamlaka ya leseni za pombe. Basi Kitui na Makueni ziitumie: zifunge vilabu vilivyopakana na shule, zipime kinachouzwa, na chifu anayeijua nyumba ya mama pima asiipite akitazama kando. Na wabunge wetu wakiletewa pendekezo la kuigusa bia ya mtama walikatae, wakieleza Bunge zima yaliyotupata mara ya kwanza.

Jirani yetu yu hai. Msimu wa mtama mjukuu wake humshika mkono hadi ukingoni mwa shamba, babu akakaa pale na debe lake, maana siku hizi yeye ndiye huwasikia kwelea kabla yetu sote.