*TAMKO LA TAWI: HALMASHAURI ISIJENGE GESTI KWA USHURU WETU*

Ndugu wanachama,

Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa na kujadili mapendekezo ya bajeti ya halmashauri yetu. Wengi mmetuuliza tunasimama wapi kuhusu jengo la kitega uchumi, yaani ukumbi na vyumba vya kulala wageni, linalokusudiwa kujengwa kwa mapato ya ndani. Jibu letu ni hili: *hatuliungi mkono.*

Mapato ya ndani ni ushuru wa mama anayeuza mboga sokoni. Ni ushuru wa mazao getini, leseni ya duka, ushuru wa huduma, na ushuru wa nyumba za kulala wageni. Humu tawini tunao wenzetu wenye gesti ndogo za vyumba sita au vinane. Ushuru wanaoupata kwa wageni wao wanaupeleka halmashauri. Sasa halmashauri inataka kuchukua fedha hiyo hiyo ikafungue gesti ya kushindana nao. Mwenye gesti akipata hasara, anauza kiwanja chake. Halmashauri ikipata hasara, hakuna ofisa anayeuza hata kuku. Atakayelipa ni yule yule mwenye gesti, pamoja na mama wa mboga.

Wakati huo soko letu mnalijua. Mvua ikinyesha, akina mama wanapanga nyanya juu ya matope. Mtaro umeziba, choo kimefungwa. Lakini mkusanya ushuru na mashine yake ya POS hajakosa kufika hata siku moja.

Tuje kwenye mazao. Katika bajeti ya mwaka 2017/18, ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ikaamuliwa pia kwamba mzigo usiozidi tani 1 unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe ushuru. Kwa mahindi ya shilingi 1,000,000, ushuru ulishuka kutoka 50,000 hadi 20,000. Hiyo 30,000 iliyobaki inalipa vibarua wa palizi. Hayo ndiyo maendeleo, na hayakuhitaji jiwe la msingi wala mgeni rasmi. Yalihitaji Serikali kuchukua kidogo tu.

Hata hivyo, msimu uliopita mwenzetu mmoja alizuiwa getini na gunia 8 za mahindi, mzigo usiofika tani. Aliambiwa alipe au ashushe. Alilipa, kwa sababu gari lilikuwa la kukodi na jua lilikuwa linazama. Wako wanaosema ushuru huo hulipwa na mnunuzi. Kwenye sheria, ndiyo. Shambani, mnunuzi anaukata kwenye bei kabla hajashusha mizani.

Ndugu wanachama, hatusemi halmashauri haina kazi. Nchi hii iliwahi kufuta serikali za mitaa mwaka 1972. Huduma za miji zilidorora mpaka halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikarudisha mfumo mzima. Tunaihitaji halmashauri. Lakini barabara zetu ziko TARURA na maji ya vijijini yako RUWASA. Kazi zinazobaki tunazijua: zahanati yenye dawa, darasa lenye madawati, soko safi, ofisa ugani anayefika shambani. Asiyemaliza hizo asikimbilie kuuza vyumba.

Tuseme ukweli pia kuhusu upande wetu. Diwani wa chama chetu aliliunga mkono jengo hili kwenye kikao. Tumemwita, tumezungumza naye kwa heshima. Hoja yake ni kwamba jengo litaleta mapato, kisha ushuru utapungua. Tunamheshimu, lakini hatujawahi kuona ushuru ukipunguzwa kwa sababu halmashauri imepata fedha zaidi. Fedha ikiongezeka, matumizi nayo hujiongeza. Wengine wanasema jengo litaleta ajira kwa vijana. Ujenzi ukiisha, ajira za mafundi nazo zinaisha. Mkulima aliyebaki na fedha yake na mwenye duka asiyesumbuliwa wanaajiri mwaka hadi mwaka.

Tunajua geti likifuata sheria, makusanyo yanaweza kushuka mwanzoni. Ndiyo maana hatuombi mradi mwingine badala ya huu. Pengo hilo lizibwe kwa kuacha jengo, na kwa kupunguza safari na posho za vikao.

Tunamwagiza diwani wetu asimamie mambo matatu:

1. Fedha ya jengo iondolewe. Sehemu yake itengeneze mtaro, choo na sakafu ya soko, na iliyobaki ifidie ushuru utakaopungua.

2. Viwango vya ushuru, pamoja na msamaha wa tani 1, vibandikwe getini kwa maandishi makubwa, na kila anayelipa apewe risiti.

3. Taarifa ya mapato na matumizi ya soko ibandikwe sokoni kila robo mwaka, siyo ikae kwenye faili.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Baada ya hapo tutabaki kulalamika. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa hapo. Kila mwanachama afike, na aje na risiti zake za ushuru. Tuulize kwa adabu: tulitoa kiasi gani, na kimefanya nini? Tusikubali kuondoka bila jibu.

Aliyeitoa shilingi kwa jasho ndiye anayejua uchungu wake. Tuitetee.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.*
Tafadhali msomee na jirani asiye na simu.