Kikulacho ki Nguoni: Jamaa na Hofu katika Filamu za Korea Kusini

Wapo wahakiki wanaodai kwamba filamu za kutisha za Korea Kusini ni maonyesho ya mizuka tu, yasiyostahili uhakiki wa dhati. Dai hili halina mashiko. Ngano ya kale ya Janghwa na Hongryeon humtwika mama wa kambo lawama kuu. Kim Jee-woon, aliyeitumia katika A Tale of Two Sisters (2003), anaigeuza: mengi ya maovu ya mama huyo yamo akilini mwa Su-mi, binti aliyelemewa na kifo cha mdogo wake, huku baba akijua ukweli na kunyamaza. Katika The Wailing (2016) ya Na Hong-jin, askari Jong-goo anaonywa asirudi nyumbani kabla ya jogoo kuwika mara ya tatu. Hajui amwamini nani. Anakwenda, na kukuta bintiye aliyepagawa ameiangamiza jamaa. Hata kama uovu uliletwa na mgeni, shaka ndiyo iliyoufungulia mlango. Mzuka, basi, ni shahidi; mshtakiwa ni jamaa iliyopoteza imani. Mhakiki anayemkodolea macho shahidi akamsahau mshtakiwa hajaihakiki kazi; ameogopa tu.