Uza Mlonge, Usiuze Uponyaji

Vijana wenzangu, swali ninaloulizwa sana sasa hivi, kuanzia Magu mpaka Sengerema, ni hili: "Bwana shamba, nikipanda mlonge au manjano, nikaandika 'dawa ya kisukari' kwenye pakiti, si nitauza fasta?"

Utauza, ndiyo. Lakini ushauri wangu ni panda, kausha, fungasha, ila hayo maneno matatu yaache.

Sikatai kwamba mimea ina nguvu. Kongosho hutoa insulini pamoja na homoni nyingine iitwayo amilini. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili, amilini hugandana, na vibonge vyake vinahusishwa na kufa kwa seli zinazotengeneza insulini. Maabara kadhaa duniani zimeona kwamba dutu iliyomo kwenye chai ya kijani, na ile ya njano iliyomo kwenye manjano, huzuia mgando huo. Ni habari njema, sawa. Ila hayo yametokea zaidi kwenye chupa ya maabara na kwa wanyama wa majaribio. Ile dutu ya manjano, kwa mfano, ukiila hupita tumboni na ni kidogo sana inayofika kwenye damu. Kikombe cha chai siyo chupa ya maabara.

Angalia metformin, kidonge wanachomeza wagonjwa wengi wa kisukari. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega. Mmea wenyewe ni sumu kwa kondoo! Wanasayansi walitengeneza dutu inayofanana na ile ya mmea, wakaipima, na ni mwaka 1957 tu ndipo daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipotangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Kutoka shambani mpaka kidonge ni safari ndefu, na huwezi kuikatisha kwa stika.

Na sisi tunayo ya Samunge, Loliondo. Mwaka 2011 Babu Ambilikile Mwasapile aligawa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500, magari yakapanga foleni kilomita kwa kilomita, wagonjwa wa kisukari wakiwemo. Foleni iliisha. Kisukari bado kipo.

Hatari ni hii: mteja akiamini pakiti yako, anaweza kuacha insulini. Au anachanganya unga wako na vidonge, sukari inashuka ghafla, anaanguka. Huyo ni mama wa mtu, na jina lililo kwenye pakiti ni lako.

Sasa biashara. Mlonge uza kama chakula: majani mabichi, au unga wa kuweka kwenye uji na mboga. Kaushia kivulini, juu ya wavu safi, siyo chini wala kwenye jua kali, ubaki na rangi ya kijani. Andika tarehe ya kuvuna na namba ya fungu. Nenda SIDO ujifunze usindikaji, kisha TBS kwa ajili ya usajili wa chakula. Ukitaka kweli kuuza dawa, mlango wake ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mteja akikuuliza kama unga wako unatibu sukari, mjibu: "Hiki ni chakula. Dawa zako usiache, muulize daktari wako." Mteja wa namna hiyo atarudi mwezi ujao, akiwa mzima.