Karatasi za Tom Jobim na Swali la Nani Anastahili Kuhifadhiwa

Abiria wa kimataifa anayetua Rio de Janeiro hushukia katika uwanja wa ndege wenye jina la mtunzi wa nyimbo. Tangu mwaka 1999, uwanja wa Galeão huitwa pia kwa jina la Antônio Carlos Jobim, ambaye Wabrazili humwita Tom. Hakupata kuwa rais wala jenerali. Alizaliwa Rio mwaka 1927, akakulia Ipanema, akapiga piano na kutunga nyimbo, kisha akafariki New York mwezi Desemba 1994. Kuandika jina la marehemu ubaoni, hata hivyo, ni heshima rahisi, na serikali yoyote huimudu. Heshima iliyo ghali zaidi imo katika Bustani ya Mimea ya jiji hilohilo, ambako taasisi iliyoanzishwa mwaka 2001 inatunza karatasi zake za noti, picha zake na rekodi zake, na kuziweka katika mtandao ili mtu yeyote azitazame. Karibu na wakati huohuo nyimbo zake zilichapishwa katika juzuu tano chini ya uangalizi wa mwanawe, Paulo Jobim.

Nina hoja mbili kuhusu jambo hili. Ya kwanza ni kwamba kazi hiyo ya kutunza karatasi na rekodi ni kazi ya umma, sawa na kutunza hati za ardhi au kumbukumbu za mahakama. Ya pili ni kwamba nyaraka za Jobim, kwa uzuri wake wote, zinatuonyesha pia dhuluma ya zamani: anayejua kuandika hubaki, na asiyejua kuandika hupotea.

Kwa nini noti zihifadhiwe, na rekodi pia? Kila kimoja kinashika kile ambacho mwenzake hawezi kukishika. Chukua wimbo wa Jobim na mshairi Vinicius de Moraes unaomhusu msichana wa Ipanema. Karatasi zilizozagaa miongoni mwa wapigaji wa jazi nchini Marekani zimezoea kuuandika kwa namna ambayo wanakwaya wetu wangesema "Doh ni F". Katika rekodi iliyofanywa New York mwezi Machi 1963, João Gilberto, Stan Getz na Jobim mwenyewe kwenye piano, Doh iko nusu sauti chini ya D. Kwa msikilizaji wa kawaida tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwanafunzi wa muziki, ni tofauti kati ya kumfuata mtunzi na kumfuata mnakili wa mnakili. Kila aliyewahi kuimba kwaya anajua jinsi karatasi inayonakiliwa kutoka kanisa hadi kanisa inavyobadilika njiani, hata hatimaye mwenye wimbo hautambui.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Hakuna noti inayoweza kuandika sawasawa jinsi João Gilberto alivyoichelewesha sauti yake nyuma ya gitaa, kisha akaiwahisha, huku dole gumba likibeba pigo la ngoma kubwa ya samba na vidole vingine vikibeba pigo la ngoma ndogo. Hilo lilisikika mwaka 1958, na msikilizaji wa leo analijua kwa sababu santuri ipo. Vivyo hivyo, katika santuri aliyoitoa mwaka 1963 ikiwa na mpangilio wa okestra wa Claus Ogerman, Jobim anapiga piano kwa ubahili wa kushangaza: mara nyingi noti moja moja, na kimya kirefu katikati. Ukimya ule ni sehemu ya utunzi. Uone pia yaliyotokea katika tafsiri. Wimbo alioupa jina la Corcovado, mlima unaobeba sanamu kubwa ya Kristo juu ya Rio, ulipopewa maneno ya Kiingereza ulipoteza jina la mlima. Ukawa wimbo wa usiku tulivu na nyota, ambao ungeweza kuwa wa mji wowote. Hati ya asili ikipotea, mahali pia hupotea.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wanaharakati miongoni mwa wasomaji wangu. Watasema kwamba bossa nova ulikuwa muziki wa watu wenye nafasi, waliokaa katika vyumba vinavyotazama bahari huku wengine wakikaa vilimani bila maji. Pingamizi hilo lina uzito, na si geni. Mhakiki José Ramos Tinhorão alilisema kwa miaka mingi, akaongeza kwamba muziki huo ulikopa mno kutoka Marekani. Mwaka 1968, miaka minne baada ya wanajeshi kutwaa madaraka, Jobim na Chico Buarque walishinda tamasha la nyimbo huko Rio kwa wimbo wao "Sabiá", na umati ukawazomea. Watu walitaka ushindi uende kwa wimbo wa Geraldo Vandré, uliosema wazi dhidi ya utawala. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Desemba, utawala ulitoa amri iliyojulikana kama AI-5, iliyofunga Bunge na kukaza udhibiti wa kila kitu. Chico Buarque alikwenda Italia. Vandré pia aliikimbia nchi. Ndipo wengi walipotambua kwamba "Sabiá", ule wimbo uliozomewa, ulikuwa wimbo wa mtu anayetamani kurudi kwao.

Simtetei Jobim kama mwanamapinduzi, maana hakuwa hivyo. Ninachosema ni kwamba tunaweza kubishana juu ya usiku ule kwa haki kwa sababu nyimbo zote mbili zimehifadhiwa, ule ulioshangiliwa na ule uliozomewa. Taifa linalotunza upande mmoja tu wa ugomvi wake huwanyima vijana wake haki ya kuhukumu.

Watumishi wa umma nao wana la kujifunza kwa Vinicius de Moraes, aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi maarufu za Jobim. Alikuwa mwanadiplomasia. Mwaka 1969 serikali ya kijeshi ilimwondoa kazini kwa nguvu ya amri ileile. Alikufa mwaka 1980 bila kurudishiwa hadhi yake, na mwaka 2010 dola ya Brazil ilimpandisha cheo, akiwa marehemu, kuwa balozi. Wizara zina majalada yake na wanamuziki wana nyimbo zake. Hayo yote ni nyaraka, na bila nyaraka hakuna kosa la serikali linaloweza kurekebishwa.

Sasa narudi kwenye hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hajajulikana, Jobim aliajiriwa na kampuni ya santuri ya Continental. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwaandikia noti watunzi wasiojua kuziandika. Mtu alikuja na wimbo kichwani, akauimba, na kijana yule akauweka kwenye karatasi. Katika chumba kile kulikuwa na aina mbili za wanamuziki: wale ambao kazi yao ingeweza kusajiliwa bila msaada na wale waliohitaji mkono wa mwingine ili wawe watunzi mbele ya sheria.

Jambo hilo lilikuwa na historia. Mwezi Novemba 1916 mwanamuziki Donga alisajili wimbo "Pelo Telefone" katika Maktaba ya Taifa mjini Rio, na mara nyingi huo hutajwa kuwa samba ya kwanza kuvuma kwa santuri. Wenzake walilalamika kwamba wimbo ulizaliwa katika mikesha ya nyumbani kwa Tia Ciata, mwanamke mweusi kutoka Bahia, na kwamba wengi waliuchangia. Karatasi haikuwa na nafasi ya wengi. Wimbo wa jumuiya ulipoingia ofisini, ulitoka na wenyewe wawili, Donga na mwandishi wa habari Mauro de Almeida.

Hapa ndipo sisi wasemaji wa lugha za Kibantu tunapohusika. Samba, mama wa bossa nova, ilikuzwa na watu weusi, wajukuu wa watumwa. Bandari ya Valongo mjini Rio, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2017, ilipokea mateka wengi kutoka Kongo na Angola, na wengine kutoka pwani ya Msumbiji. Hawa hawakuacha karatasi. Na hata kumbukumbu zilizokusanywa baadaye hazikuwa salama: moto ulioteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil tarehe 2 Septemba 2018 uliharibu pia rekodi za lugha za wenyeji asilia, ambazo baadhi yake hazina tena msemaji. Jobim alikuwa na familia yenye uwezo wa kuzitunza karatasi zake. Wazee wale walikuwa na dola tu, na dola ililala.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, fedha za hifadhi za taifa ziwe fungu la lazima katika bajeti, lisiloachwa kwa huruma ya wafadhili au ari ya watoto wa marehemu. Pili, anayerekodi wimbo wa jumuiya aandike majina yote ya walioutunga na kuuimba, na sheria ya hakimiliki iwe na nafasi ya kuyapokea. Tatu, kutazama hati kwa ajili ya masomo kuwe huru hata pale haki ya kuichapisha inapobaki kwa warithi. Kwa sheria ya Brazil, inayolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo, nyimbo alizotunga Jobim peke yake zitakuwa mali ya umma Januari 2065. Mwanafunzi hawezi kungoja hadi siku hiyo ndipo aone jinsi mkono wa mtunzi ulivyofuta noti moja na kuweka nyingine, na kwa hati hizi hahitaji kungoja.

Tom Jobim alistahili kuhifadhiwa. Waliomwimbia wimbo katika chumba kile cha Continental, naye akauandika, walistahili vilevile.